Parokia Iliyopunguzwa Umri

Hapo zamani, wakati zamani zilipokuwa bado zinaruhusiwa, palikuwa na nchi moja njema sana ambayo jina lake halitajwi bila kibali. Nchi hiyo iliongozwa na Mheshimiwa Mwanzilishi, aliyeitwa hivyo kwa sababu alianzisha kila kitu. Alianzisha barabara, akaanzisha mahindi, akaanzisha mito miwili mikubwa na mmoja wa msimu. Alikuwa ameketi kitini miaka thelathini. Na kwa kuwa hakuna kitu kinachoweza kuwapo bila kuanzishwa, Wizara ya Chimbuko na Mwanzo wa Mambo ilitoa mwongozo: hakuna taasisi, mti wala ukoo utakaoruhusiwa kuwa na umri unaozidi miaka thelathini. Wazee walisamehewa, kwa sharti kwamba waache tabia ya kutaja mwaka waliozaliwa.

Neno "kabla" lilipigwa marufuku siku hiyo hiyo. Shuleni watoto walikuwa wakifundishwa kunawa mikono kabla ya kula. Sasa wakafundishwa kula baada ya kunawa, na kwa kweli hawakupungukiwa kitu. Wananchi wakazoea, kama walivyozoea mengine.

Pembezoni mwa mji mkuu, ng'ambo ya reli, palikuwa na mtaa ulioitwa Machimbo ya Juu, na katika mtaa huo palikuwa na Parokia ya Mtakatifu Rita, msimamizi wa mambo yasiyowezekana. Huko ndiko alikoishi Bi. Eufrasia na mumewe Leonsi, mshika bendera mstaafu wa Shirika la Reli. Tutamfuata huyo Bi. Eufrasia, kwa sababu wengine wote katika habari hii walikuwa na vyeo, na mtu mwenye cheo ni vigumu kumfuata, anatembea kwa gari.

*

Parokia ya Mtakatifu Rita haikuanzishwa na mtu yeyote, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Padri mmoja mzungu mwenye ndevu alikuwa akipita na pikipiki kwenda misheni ya mbali. Pikipiki ikamfia mbele ya banda la kuuzia mkaa. Akaomba hifadhi mle bandani mpaka kipuri kifike, na kipuri kiliagizwa Ulaya. Jumapili ya kwanza akaadhimisha misa juu ya magunia ya mkaa, watu wakaja kumtazama. Jumapili ya pili wakaja kumsikiliza. Kipuri kilipofika, miaka miwili baadaye, palikuwa na kwaya, palikuwa na ugomvi ndani ya kwaya, na palikuwa na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ambaye tayari alikuwa anashukiwa. Yaani parokia ilikuwa imekamilika. Padri akakitazama kile kipuri, akakirudisha kwenye boksi lake, akauliza ni nani anayefahamiana na wauza saruji.

Ndoa ya kwanza kufungwa mle bandani ilikuwa ya Eufrasia na Leonsi. Gauni la bibi harusi lilikuwa jeupe mpaka magotini, na kutoka magotini kwenda chini lilikuwa jeusi tititi, kwa sababu mkaa haukuambiwa kuwa kuna sherehe. Eufrasia hakujali. Alikuwa na miaka ishirini na mwanamume aliyemtaka.

Tangu siku hiyo alikuwa akisema, "Mimi ndiye bibi harusi wa kwanza wa Mtakatifu Rita." Aliwaambia wahamiaji wapya, aliwaambia wauza maziwa, aliwaambia hata waliosimama kuuliza njia. Hakuwahi kuwa mwenyekiti wa kina mama. Kwaya ilimwomba kwa upole abaki kwenye viti. Cheo chake duniani kilikuwa hicho kimoja, naye alikitunza.

*

Parokia ilipotimiza miaka hamsini, kina mama walikata shauri kushona sare ya jubilei. Wakachagua kitenge cha rangi ya zambarau, katikati Mtakatifu Rita, pembeni maandishi: "Miaka 50 ya Neema." Kiwandani, mchapaji alipoiona hamsini alizima mitambo, akaketi chini, akaomba aletewe polisi mwenyewe ili asije akasingiziwa kwamba alikuwa anaendelea.

Wiki hiyo hiyo akafika Bwana Zebedayo, Afisa Mwandamizi wa Chimbuko. Alikuja na gari, dereva, na kiti chake mwenyewe cha sofa, kwa sababu hakuwa na imani na viti ambavyo chimbuko lake halijulikani. Waumini wakaitwa ukumbini.

"Ndugu zangu," alisema akiwa ameketi, "Serikali haina ugomvi na Mwenyezi Mungu. Uhusiano wetu naye ni mzuri, na tunampongeza kwa ushirikiano anaotupa. Tatizo liko kwenye hesabu. Ninyi mnasema mna hamsini. Mheshimiwa Mwanzilishi ana thelathini. Sasa hiyo ishirini, mlikuwa mnasali kwa ruhusa ya nani?"

Paroko, Padri Gaspari, mtu mpole aliyemwogopa Askofu, akaiogopa Serikali, na kuiogopa kwaya kuliko vyote viwili, alinyanyua kidole.

"Mheshimiwa Afisa, mwaka wa ujenzi umechongwa ukutani, juu ya mlango."

"Nimeuona. Chokaa iko njiani."

Kisha akawasomea historia yao. Miaka thelathini iliyopita, Mheshimiwa Mwanzilishi, akipita na msafara wake, aliteremsha kioo cha gari, akanyoosha kidole upande huu na kusema, "Pale pamekaa vizuri." Papo hapo kanisa likaanza kuota. Wananchi walipoamka asubuhi walikuta mnara.

"Na banda la mkaa?" aliuliza Eufrasia kutoka nyuma.

"Banda gani, mama?"

"Tulimofungia ndoa, mimi na mwenzangu huyu."

Bwana Zebedayo akapekua makaratasi yake. "Ndoa yako ni ya mwaka gani?"

Eufrasia akamtajia. Ukumbi mzima ukatazama sakafu.

"Pole sana, mama," alisema Afisa, na uso wake ulionyesha kwamba pole hiyo ilitoka moyoni. "Mwaka huo haujaanzishwa."

*

Mambo yakaenda kwa mantiki, na mantiki ya Wizara haikuwa na huruma. Pasipo parokia hapawezi kuwa na sakramenti. Waliobatizwa katika miaka isiyokuwapo walihesabiwa kuwa hawajabatizwa, hata mkuu wa sauti ya besi akabatizwa upya na mvi zake, akalia sana, maana maji yalikuwa ya baridi. Waliofunga ndoa katika miaka hiyo walitangazwa kuwa wachumba.

Mzee Sabasi, muuza vitunguu mwenye wajukuu tele, alipoambiwa kwamba yeye ni kapera alikwenda kununua viatu vipya. Akaanza kupita mtaani jioni jioni akiwasalimu wajane kwa majina yao ya ubatizo. Mkewe, Bi. Domitila, hakugomba naye. Alimwekea begi lake mlangoni, akamweleza kwamba yeye ni mwanamke wa heshima na hawezi kulala nyumba moja na mwanamume asiye mume wake. Sabasi akalala kwenye banda la kuku na viatu vyake. Wiki haijaisha, alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya kuandikisha ndoa.

Eufrasia aliyacheka sana mambo hayo. Aliyacheka mpaka jioni aliyomwambia mumewe, "Baba Agata, Padri anasema sote tulioachanishwa twende tukaandikishe upya."

Leonsi alikuwa akichambua miiba ya samaki. Akautoa mmoja, akautazama, akauweka pembeni mwa sahani.

"Haya," alisema. "Ngoja nifikirie."

Ni kweli kwamba Leonsi alikuwa mtu wa kufikiria. Mshika bendera asiyefikiria husababisha treni mbili kukutana. Lakini treni ni treni, na Eufrasia ni mama wa watoto watano. Alinyanyuka, akaichukua sahani ya mumewe na samaki wake nusu, akaenda kuiosha. Leonsi akabaki ameshika mwiba.

Neno lile lilimkaa Eufrasia kifuani. Alipika nalo, akafua nalo. Binti yao mkubwa, Agata, alipiga simu kutoka mjini kuuliza, kama wazazi wake ni wachumba, yeye amezaliwa vipi. "Uliwahi, mwanangu," alijibiwa. "Tulia hapo hapo, tunakuja." Alipokata simu alilia kidogo, akajisingizia kitunguu. Hakuwa na wasiwasi kwamba Leonsi atakwenda kwa mwanamke mwingine; nani angemchukua, na magoti yale? Alichotaka kujua ni kitu kimoja tu: kama mwanamume huyu, akiachiwa leo achague mwenyewe, angemchagua yeye tena. Miaka yote hakuwahi kujiuliza, na sasa Serikali ilikuwa imemlazimisha kujiuliza.

Jibu lilikuja kwa kipaza sauti. Gari la Shirika la Reli lilipita katika nyumba za shirika, ambamo wao pia waliishi, likitangaza kwamba nyumba ni za makapera halali na wanandoa halali. Yeyote atakayeng'ang'ania mke wa miaka isiyokuwapo atahesabiwa kuwa ameukataa Mwanzo, naye atarudisha nyumba pamoja na pensheni.

Leonsi aliingia ndani, akavua kofia. "Mama Agata, nimefikiria. Twende tukaandikishe, tusije tukanyang'anywa nyumba."

Eufrasia alikuwa amelingoja neno, na neno limekuja kuhusu nyumba. Akavaa viatu vyake, wakaenda.

*

Wakaanza tena kila kitu. Kalisti, kaka yake Eufrasia, alikuja kutoka kijijini kudai mahari, akieleza kwamba wale mbuzi wa kwanza hawakuwahi kuliwa, kwa kuwa siku waliyoliwa haipo. Leonsi akamuuliza, kama hawakuliwa, wako wapi. Kalisti akasema hilo ni swali la Wizara.

Wakahudhuria mafundisho ya ndoa pamoja na vijana. Katekista Fulgensi, ambaye mwenyewe hakuwa ameoa, alisimama mbele ya wazee na vijana, akasafisha koo.

"Wachumba wapendwa, ndoa ina mambo yake. Msishtuke. Unaweza ukagundua, kwa mfano, kwamba mwenzako anakoroma."

Eufrasia na Leonsi wakatazamana bila kukusudia, wakacheka mpaka wakatolewa nje. Wakasimama chini ya dirisha wakifuta machozi, na kwa muda mfupi mambo yakawa kama yalivyokuwa. Kisha Leonsi akasema kwamba afadhali warudi ndani, wasije wakanyimwa cheti, maana bila cheti hakuna nyumba. Eufrasia akaacha kucheka.

Zikaja Jumapili za matangazo. Kama desturi ilivyo, ndoa haifungwi mpaka wachumba watangazwe kanisani mara tatu, ili mwenye kujua kizuizi aseme. Mara ya kwanza Padri Gaspari alisoma mbio mbio: "Kijana Leonsi, wa Nyumba za Reli, anatarajia kufunga ndoa na binti Eufrasia, wa Nyumba za Reli. Yeyote anayejua kizuizi chochote anapaswa kukitamka." Vijana wakacheka, wazee wakakohoa. Mara ya pili ikawa vivyo hivyo, ila vijana walikuwa wamechoka kucheka. Eufrasia aliketi ameshika mkoba wake. Alikwisha kuwa bibi harusi, alijisemea, akiwa mweusi kutoka magotini kwenda chini, na hakuna mtu aliyemwoa siku ile kwa ajili ya paa. Leo anatangazwa katika kanisa safi, na anaolewa na vyumba viwili na jiko.

*

Jumapili ya tatu Bwana Zebedayo alikuja mwenyewe kushuhudia, kwa sababu kesho yake kiwanda kingeanza kuchapa kitenge kipya cha "Miaka 30 ya Neema." Sofa yake ikawekwa kando ya altare. Padri Gaspari alitoa komunyo huku akiizunguka.

Baada ya komunyo akasoma matangazo. Mkutano wa kina mama, kengele iliyopasuka, kisha: "Kwa mara ya tatu na ya mwisho. Kijana Leonsi na binti Eufrasia. Yeyote anayejua kizuizi chochote anapaswa kukitamka."

"Nakijua, Padri."

Kanisa likageuka. Aliyesimama alikuwa Eufrasia mwenyewe.

"Keti, mama," alisema Padri kwa upole. "Wewe ndiye bibi harusi."

"Tangazo limesema yeyote."

Padri akaitazama karatasi. Kweli ilisema yeyote. Akamtazama Afisa, naye Afisa akaona hakuna mwongozo unaohusu jambo hilo. "Haya, sema."

"Huyu kijana ana mke."

Watu wakavuta pumzi. Hata Leonsi akageuka kumtazama kwa hofu, huku akijikagua upesi upesi asije akawa amefanya jambo akasahau.

"Ana mke?" alisema Padri. "Ni nani?"

"Ni mimi."

Padri Gaspari alisomea sheria za Kanisa miaka mingi na alikuwa amesahau karibu zote. Lakini hii aliikumbuka: mwanamume mwenye mke aliye hai hawezi kufungishwa ndoa, hata bibi harusi awe nani. Aliipekua akilini kutoka pembe zote, akitafuta kama kuna msamaha pale bibi harusi anapokuwa ndiye yule yule mke. Hakuuona.

"Ni kizuizi," alisema kwa sauti ndogo. "Ni kizuizi kikubwa sana."

Bwana Zebedayo akainuka kutoka kwenye sofa. "Ndoa hiyo ilifungwa lini?"

"Siku tuliyofunga, kwenye banda la mkaa."

"Hapakuwa na banda la mkaa."

"Wewe hukuwapo."

"Hapakuwapo mtu yeyote, mama. Ndiyo maana ya sheria." Akaona kwamba mwanamke huyu hasogei, akamgeukia mwanamume. "Kijana Leonsi. Swali ni jepesi. Una mke, au huna? Na ujibu ukikumbuka nyumba unayolala ni ya nani."

Eufrasia hakumtazama mumewe. Alimtazama Mtakatifu Rita pale ukutani. Akasikia benchi likilia, kisha goti. Leonsi alikuwa anainuka kwa awamu mbili, kama kawaida yake. Kisha kimya. Kimya kikawa kirefu mpaka mtoto mmoja akaanza kulia. Mungu wangu, aliwaza Eufrasia, anafikiria. Hata hapa anafikiria.

"Ninaye," alisema Leonsi.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla."

Neno hilo halikuwa limesikika hadharani katika mtaa ule tangu lipigwe marufuku. Wazee wengine walifumba macho. Bwana Zebedayo naye akapunguza sauti, na lazima isemwe kwamba alijaribu kumwachia mzee mlango wa kutokea.

"Kabla ya nini, mzee? Kabla ya kifungua kinywa?"

"Kabla yako, bwana. Kabla ya huyo aliyekutuma. Gauni lilikuwa jeusi huku chini, na mimi nilikuwa nimesimama pale na viatu vya kuazima, nikaulizwa kama namtaka. Siku ile sikufikiria hata kidogo."

Viatu vipya vikalia sakafuni upande wa pili. Ni Mzee Sabasi aliyekuwa amesimama. "Na mimi ninaye," alisema. Bi. Domitila akamwambia akae chini, kisha akabadili mawazo, akasimama naye. Wakafuata wengine, benchi baada ya benchi, wote waliokuwa wachumba wa Serikali, na mkuu wa besi ambaye hakuwa na mke akasimama kwa ajili ya ubatizo wake wa kwanza. Bwana Zebedayo aliibeba sofa yake mwenyewe mpaka nje, kwa sababu dereva wake naye alikuwa amesimama.

*

Yaliyofuata huko Wizarani ni marefu, yatoshe haya. Serikali haikukosea, kwa kuwa haina desturi hiyo. Baada ya utafiti wa kina, redio ilitangaza kwamba Mheshimiwa Mwanzilishi amekuwa kitini miaka sitini, ila thelathini ya kwanza alikuwa mnyenyekevu mno, hakuna aliyemwona. Parokia ikaruhusiwa hamsini yake. Kwenye kitenge, kando ya Mtakatifu Rita, kikaongezwa kichwa cha Mheshimiwa, kikubwa kidogo kuliko cha Mtakatifu. Ikathibitishwa pia kwamba ni yeye aliyeiharibu ile pikipiki. Leonsi alirudishiwa nyumba, ingawa bila milango.

Lakini hayo ni ya baadaye, na Jumapili ile hakuna aliyeyajua. Jumapili ile Eufrasia na Leonsi walitoka kanisani wakashika njia ya kando ya reli, watu wakiwapisha kama wanavyowapisha wafiwa. Leonsi alikuwa ameshika kofia mkononi.

"Sasa tumekwisha, Mama Agata."

"Sisi wote wawili?"

"Wote wawili. Nyumba, pensheni, kila kitu."

Eufrasia akamshika mkono mumewe, hapo hapo njiani, mchana kweupe, jambo ambalo watu wa rika lao hulionea haya na ambalo wao hawakuwa wamelifanya hata siku ya harusi.

"Basi tukafungashe vyombo," alisema, na moyo wake ulikuwa umejaa furaha.